Taa za Mchana Zinazojiwasha Zenyewe: Hiki Kisanduku Kimenikosha!

Wadau, karibuni tena. Leo ninayo seti ya taa za mchana za LED, zile za kufunga chini ya bampa la mbele ili gari lionekane mchana. Wati ngapi, zinazuia maji au hazizuii, hayo mnayajua. Mimi nakitaka hiki kisanduku cheusi. Sogeza kamera hapa.

Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Hakuna uliokwenda kwenye swichi ya funguo! Sasa kinajuaje kwamba gari limewaka? Naweka mita. Injini imezimwa, volti 12.6, taa kimya. Napiga stata... 13... 13.8... 14.1, hizooo! Oltaneta imeanza kuchaji, volti zimepanda, kisanduku kimehisi. Nazima. Msiondoke, subirini... volti zinashuka taratibu... zimezimika zenyewe! Yaani huwezi kuzisahau zikakumalizia betri.

Zile seti za bei rahisi hazina kisanduku, fundi anachomekea kwenye laini ya redio. Umekaa garini unasikiliza mpira, injini imezimwa, taa zinakula betri tu. Sizitaki kabisa. Hii bei imechangamka kidogo, na Kariakoo kila duka lina bei yake, kwa hiyo ulizieni kwanza.

Huu waya mwembamba unaenda kwenye taa za paki. Ukiwasha taa kubwa, hizi zinafifia zisimuumize macho anayekuja. Mafundi wengi wanauacha unaning'inia, simamia mwenyewe!

Ila magari mapya ambayo kompyuta inapunguza chaji, volti zikishuka chini ya 13 taa zinaweza kuzimika ukiwa barabarani. Hapo kisanduku hiki hakifai, mwambie fundi aweke rilei, yaani swichi ya umeme, inayoamka ukiwasha funguo.

Sweden wanalazimika kuwasha taa mchana tangu 1977, na Ulaya wakaanza kuzidai kwenye modeli mpya za magari 2011. Gari zetu nyingi za zamani za Japani hazina, ndiyo maana seti hizi zinauzika.

Na hili nawaomba sana: nyuma hakuna kinachowaka! Mvua ikinyesha, jioni ikiingia, washa taa kubwa kwa mkono wako. Morogoro Road naona magari mbele yanang'aa, nyuma giza tupu, na lori linakuja kasi.

Ijumaa niko laivu, tunafunga seti hii kwenye IST. Mwenye swali la fyuzi aliache hapo chini.