Betri yangu imefika miaka minne na miezi saba: uzoefu wangu na kwa nini nimeitoa ikiwa bado inawasha

Jumamosi iliyopita nilitoa kwenye gari langu betri ambayo asubuhi ile ile ilikuwa imewasha injini. Jirani alisimama pembeni akinitazama nikilegeza nati, akauliza, "Dada, si limewaka sasa hivi hili? Mbona unaitoa?" Nikampa daftari aone. Ndani yake kuna namba nilizoandika kila mwezi tangu siku nilipoifunga, na kurasa mbili za mwisho hazikuwa na habari njema.

Betri yenyewe ni ile inayoitwa betri kavu. Ndani ina asidi kama nyingine zote. Ukavu wake ni kwamba haina vifuniko vya kuongezea maji. Ni ya ampea-saa 60, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi, na kwenye lebo imeandikwa CCA 540, yaani ampea inazoweza kutoa kuwasha injini kwenye baridi kali. Betri ya kawaida ya risasi na asidi hudumu kama miaka mitatu hadi mitano, na penye joto kali mara nyingi haifiki huko, kwa hiyo hii imenitendea haki. Lakini mbili zilizoitangulia zilikufa mapema, na zote mbili zilikufa kwa sababu ya mambo ambayo yangeweza kuzuiwa. Bila kuzieleza hizo, sifa za hii ya tatu zitakuwa nusu ya ukweli.

Ya kwanza ilikuwa betri ya maji. Niliikuta kwenye gari nilipolinunua, nikaendesha karibu mwaka mzima bila kufungua kifuniko hata kimoja. Fundi alipokuja kuvifungua, sahani za risasi zilikuwa zimechomoza juu ya maji, na sehemu zilizokaa hewani zilikuwa na weupe kama wa chokaa. Weupe ule ni salfeti. Betri ikitoa umeme, sahani zake huungana na asidi na kutengeneza salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti inayeyuka na mambo yanarudi yalivyokuwa. Ukiiacha na njaa kwa wiki kadhaa, au sahani zikikauka, salfeti inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziwezi tena, na sehemu hiyo ya sahani haitoi umeme. Tuliongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, wala si asidi, kwa maana kinachopotea ndani ya betri ni maji tu na asidi inabaki. Ikasogea miezi miwili, ikafa.

Ya pili ndiyo iliyoniumiza. Niliuziwa kama mpya, na haikufikisha miezi kumi na minne. Wakati huo nilikuwa nampeleka mama kliniki kila Jumatatu alfajiri, na kila Jumatatu gari lilikuwa zito kuwaka, siku nyingine zote jepesi. Jumatatu moja mama ameshakaa, ameshafunga mkanda, mkoba wa dawa uko mapajani, nikageuza ufunguo nikasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zikafifia hadi zikazima. Mama hakusema neno. Alifungua mkanda taratibu, akaniuliza, "Tutawahi, mwanangu?" Tulichelewa saa nzima. Tangu siku hiyo sijawahi kuichukulia betri kama kitu cha kusubiri kife.

Niliishtua gari kwa nyaya kutoka kwenye gari la jirani, kisha nikaichaji betri usiku kucha, Jumatatu iliyofuata ikawa vile vile. Hapo nikaelewa kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala. Kukitafuta hakuhitaji karakana. Nililegeza waya wa hasi, nikaweka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kati ya waya huo na nguzo ya betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampea kumi, nikafunga milango na kungoja nusu saa hivi ili kompyuta za gari zilale. Gari lililolala linapaswa kula kiasi kidogo sana, kama ampea 0.02 hadi 0.05. Langu lilisoma 0.45. Nikawa nachomoa fyuzi moja, naangalia namba, nairudisha. Nilipofika kwenye fyuzi ya taa za ndani, namba ikaanguka hadi 0.03.

Ilikuwa taa ya buti. Swichi yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo ukifunga mfuniko taa inaendelea kuwaka humo gizani na huwezi kuiona. Niliingiza simu ikiwa inarekodi video, nikafunga, nikafungua, nikaitazama: buti zima limeangaza. Balbu ya wati 5 tu. Lakini piga hesabu: ampea 0.45 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 11 kwa siku. Gari likisimama Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri, betri ya ampea-saa 60 imepungua karibu nusu, na kila wiki inachimbwa hivyo hivyo. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Kuimaliza hadi nusu mara kwa mara ni kuiua. (Ukifanya kipimo hiki usiwashe gari wala kupiga stata multimita ikiwa bado imeunganishwa hivyo; stata inavuta mamia ya ampea na kifaa chako kitaungua fyuzi papo hapo.)

Baadaye niligundua jambo la pili kuhusu betri ile: tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki ilikuwa ya zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku niliyoinunua. Ilikuwa imekaa rafuni ikijimaliza yenyewe polepole bila mtu kuichaji. Muuzaji hakuniambia, nami sikujua pa kutazama.

Kwa hiyo ya tatu niliinunua nikiwa na multimita mkononi. Nilisoma tarehe kwanza. Baadhi ya watengenezaji huandika mwezi na mwaka wazi, wengine hutumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, na tarakimu kwa mwaka. Ilikuwa ya miezi miwili. Nikapima, ikasoma volti 12.62. Betri iliyojaa ina 12.6 au zaidi kidogo, kwa sababu ndani kuna seli sita za volti 2.1 kila moja. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. "Mpya" inayosoma 12.3 rafuni mimi siichukui hata ikiwa imefutwa vumbi vizuri.

Utunzaji wenyewe haukuwa mwingi, ila sikuruka mwezi. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha, nilipima volti. Nikamwomba mtu apige stata nikiwa natazama namba inashuka hadi wapi. Kisha injini ikiunguruma nilipima tena kuona alteneta inachaji kiasi gani; langu hukaa 14.2. Ikiwa chini ya 13.5 muda wote betri haishibi, ikipita 15 inachemka, na gari lenye kasoro hiyo litaua kila betri utakayoweka. Kuna gari za kisasa ambazo kompyuta hupandisha na kushusha chaji kadiri inavyoona, kwa hizo usitishwe na kipimo kimoja.

Mara mbili niliona unga mweupe wenye ubuluu kwenye nguzo ya chanya. Nililegeza hasi kwanza, halafu chanya, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi ikiwa bado imefungwa, cheche yake inaweza kukuunguza. Wakati wa kufunga ni kinyume chake, chanya kwanza na hasi mwisho. Maji ya uvuguvugu yenye magadi yalitoa povu kwenye ule unga hadi ukaisha, nikasuuza, nikakausha, nikasugua nguzo kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, nikafunga na kupaka vaselini nyembamba juu. Gari lilishika tofauti siku hiyo hiyo. Watu wengi wananunua betri mpya wakati shida yao ni huo unga, au waya wa hasi uliolegea pale unapofungwa kwenye bodi.

Kitu kingine ambacho nadhani kimeongeza umri wa hii betri ni kile kifuniko cha kuzuia joto. Gari langu lilikuja na koti jeusi linalozunguka betri, na fundi fulani huko nyuma alilitupa pembeni akiona ni usumbufu. Nilitafuta jingine. Watu huilaumu baridi kwa sababu ndiyo inayoifichua betri dhaifu, lakini kinachoiua ni joto: kwa makadirio ya kawaida, kila joto linapozidi nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri unapungua karibu nusu. Na kama safari zako ni za dakika kumi kumi, alteneta haipati muda wa kurudisha ulichokitumia kuwashia. Mimi niliichaji kwa chaja ya umeme wa nyumbani usiku mmoja kila baada ya miezi miwili.

Sasa namba zenyewe. Mwaka wa kwanza ilikuwa ikilala kwenye 12.65 na stata ikiishusha hadi 10.9. Mwaka wa tatu, 12.58 na 10.4. Mwezi uliopita, 12.40 na 9.5. Namba moja mbaya haitoshi kuihukumu betri, huenda ilikuwa na njaa tu, kwa hiyo niliichaji hadi chaja ikasema imejaa, nikaiacha ipumzike usiku mzima. Asubuhi: 12.44. Stata: 9.3. Nikarudia wiki hii, 9.1. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri jambo ambalo sikulipata kwa yeyote: volti za betri iliyopumzika zinaonyesha imeshiba kiasi gani, lakini volti za wakati wa stata ndizo zinazoonyesha ina nguvu kiasi gani. Betri inaweza kushiba na bado ikawa dhaifu. Kipimo cha mzigo cha mafundi, kinachoilazimisha betri kutoa umeme mwingi kwa muda, huiangusha betri iliyojaa isiyoweza kubaki juu ya 9.6 kwa sekunde 15. Fundi wa umeme aliyeniwekea kifaa chake alipata CCA 290, kwenye betri iliyoandikwa 540.

Na gari lilikuwa linawaka! Injini zenye sindano za kompyuta zinashika haraka sana, mizunguko miwili mitatu tu, kwa hiyo hutasikia ule uzito wa stata tuliozoea kuusikia kwenye magari ya zamani. Siku utakayousikia, umechelewa. Dalili nyingine ambazo sikungoja nizione ni betri kuvimba ubavu na harufu ya yai bovu. Ukikutana na hizo usiichaji wala usiishtue, itoe.

Lawama yangu kwa betri hii ni moja, lile jicho la kijani juu yake, kidirisha kidogo cha kuonyesha kama imeshiba. Lilikuwa la kijani siku niliyoinunua na lilikuwa la kijani Jumamosi nilipoitoa. Jicho lile linatazama seli moja kati ya sita, na linaona uzito wa asidi tu, wala halijui chochote kuhusu afya ya sahani. Anayeliamini atakwama barabarani akiwa na kijani kibichi mbele ya macho yake. Mengine yote nairidhia, na nimenunua ya aina ile ile, ampea-saa 60 na CCA isiyopungua ya zamani. Kama gari lako lina mfumo wa kuzima injini kwenye foleni na kuiwasha tena, usiweke ya aina yangu. Hilo linataka EFB au AGM, aina za betri zinazovumilia kuwasha injini mara nyingi, na kwenye baadhi ya magari hayo fundi lazima aiambie kompyuta kwamba betri imebadilishwa.

Ya zamani nimeirudisha kwa muuzaji, risasi yake inayeyushwa na kutumika tena, na si kitu cha kutupa nyuma ya nyumba. Mpya nimeiandika tarehe kwa kalamu nzito juu ya mfuniko. Ukurasa mpya wa daftari una mstari mmoja: 12.68, stata 11.0, alteneta 14.2. Jumatatu mama ana kliniki saa kumi na mbili na nusu.