Uzoefu wangu: muhula mmoja wa kozi ya uandishi wa Kiswahili chuoni Kampala

Mwaka jana nilisoma kozi ya uandishi wa Kiswahili katika chuo kimoja hapa Kampala. Ni kozi ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosomea ualimu wa Kiswahili, na huchukua wiki 15, vipindi viwili kwa wiki. Nawaandikia wanaofikiria kujiunga, hasa wale ambao, kama mimi, walikipata Kiswahili sokoni kabla ya kukikuta darasani.

Nimekulia Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Nyumbani tunazungumza Lukonzo, na Kiswahili nilikizoea kwa kuwasikiliza wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo. Nilifika chuoni nikijiamini mno, kwa sababu niliongea upesi na nilieleweka, na wenzangu waliokua wakizungumza Luganda au Runyankore walinitegemea niwatafsirie. Insha yangu ya kwanza ilipata alama 9 kati ya 20. Nilikuwa nimeandika "bintu" badala ya "vitu", na "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", na sikuwa nimeona kosa lolote, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikisikia tangu utotoni.

Ninamshukuru mhadhiri wetu kwa namna alivyolishughulikia jambo hilo. Hakusema kwamba Kiswahili cha mpakani ni kibovu. Alitueleza kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja, kwamba kamati ya lugha iliyoanza kazi ya kukisanifisha mwaka 1930 ilizihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kwamba katika miaka ya 1950 kamati hiyo ilikuwa na makao yake Makerere. Sikuwahi kuambiwa hayo sekondari, na yalinibadilisha mtazamo, kwani tangu siku hiyo niliacha kuona upatanisho wa ngeli kama sheria ya wageni, nikaanza kujifunza kama mtu anayedai chake.

Kiini cha kozi, na sababu kubwa ya mimi kuisifu, ni utaratibu wa rasimu tatu. Kila insha iliandikwa mara tatu: rasimu ya kwanza ilisomwa kwa sauti mbele ya mwenzako, ya pili ilikaguliwa kwa hoja, na ya tatu tu ndiyo iliyokaguliwa kwa lugha. Katika insha yangu ya pili nilianza kwa kusema kwamba soko la Mpondwe ni muhimu sana kwa watu wote. Mwenzangu aliniuliza ni muhimu kwa nani, siku gani na kwa bidhaa ipi, nami sikuwa na jibu kwenye karatasi ingawa nilikuwa nalo kichwani. Nilirudi nikaandika upya, nikaanza na mama mmoja anayepeleka chumvi ya Katwe ng'ambo ya pili na kurudi na mawese kabla mpaka haujafungwa, kisha hoja nzima ya biashara ndogo ya mpakani ikafuata nyuma yake. Shuleni tulizoea kukariri insha za mfano na kuzimwaga kwenye karatasi ya mtihani. Hapa, kwa mara ya kwanza, mtu aliniuliza ninachokijua mwenyewe.

Tulifundishwa pia kunukuu, kutaja mwandishi na mwaka ndani ya matini, na kueleza wazo la mtu kwa maneno yetu bila kuliiba. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri na sina la kuongeza.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Tulikuwa wanafunzi 64 kwa mhadhiri mmoja, na utaratibu wa rasimu tatu hauwezi kubebwa na mtu mmoja kwa idadi hiyo: insha yangu ya tatu ilirudishwa siku mbili kabla ya mtihani, wakati ambapo maoni yake hayakuweza kunisaidia tena. Kompyuta za maabara zilikuwa zimewekwa kwa Kiingereza, hivyo programu ya kuandikia ilipiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, lililo sahihi na lisilo sahihi, na mwanafunzi anayetafuta kosa lake halisi hakuweza kuliona. Jambo linaloniumiza zaidi ni mtihani wenyewe. Kazi za muhula zina alama 40, na mtihani, ambao unaandikwa kwa saa tatu bila nafasi ya kurudia, una alama 60. Chuo kinatufundisha kwa wiki 15 kwamba uandishi ni kuandika upya, halafu kinampa alama nyingi zaidi anayeandika mara moja kwa haraka. Naona uwiano huo ungegeuzwa.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu ya kazi inayotungoja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wanaohitajika ndio sisi tunaokaa 64 katika ukumbi mmoja. Nikiandika "kitabu yangu" ubaoni, darasa zima litainakili.

Nilimaliza na alama 71. Kwa anayeuliza kama ajiunge, jibu langu ni ndiyo, ila atafute mapema mwenzake mmoja wa kusomeana rasimu, maana maoni ya mwenzako hufika kabla ya yale ya mhadhiri. Mimi nimejiandikisha kwa kozi ya pili inayoanza Agosti, na pamoja na wenzangu watano tumemwandikia mkuu wa idara tukiomba rasimu ya tatu irudishwe angalau wiki mbili kabla ya mtihani.