Miezi mitatu ya kupima INR: angalieni kichupa kimejaa

Siku kumi baada ya kujifungua, mguu wangu wa kushoto ulivimba ukawa wa moto. Nikadhani ni uchovu wa uzazi. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa paja. Nikaanzishiwa sindano, kisha vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila wiki nikawa naenda maabara kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda.

Damu inaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu chenye sitrati ya kuizuia isigande, inazungushwa kwa mashine mpaka plazima, yale majimaji ya manjano, ikae juu. Hiyo plazima wanaitia tromboplastini na kalsiamu, vitu vya kuifanya ianze kuganda, kisha mashine inahesabu sekunde hadi igande. Asiyetumia dawa INR yake huwa karibu 1. Mimi nilitakiwa kuwa kati ya 2 na 3.

Maabara ya kwanza, sitaitaja jina, majibu ni ndani ya saa moja na wahudumu ni wachangamfu. Ila wiki ya tano nilipewa 3.9. Dawa sikuzidisha, na mchicha, ambao huweza kubadili nguvu ya warfarini, nilikula kiasi kilekile cha siku zote. Daktari akataka kupunguza dozi. Ndipo nikakumbuka kuwa siku ile mshipa ulisumbua, na kichupa hakikufika hata nusu.

Daktari akaniambia nirudie kwingine. Kaka wa maabara ya pili alinisikiliza, akanionyesha mstari kwenye kichupa. “Dada, sitrati humu ni sehemu moja kwa tisa za damu. Damu ikiwa pungufu, sitrati inazidi, inaikamata kalsiamu tunayoongeza, plazima inachelewa kuganda. Utaonekana dawa imekuzidi kumbe sivyo.” Akatoa upya, kikajaa hadi mstarini. 2.6! Nilitetemeka. Dozi ingepunguzwa, ningebaki na kinga ndogo huku nanyonyesha mtoto wa mwezi na nusu.

Mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa nilipima hapohapo D-dimeri, vile vipande vya fibrini (nyuzi za protini zinazoshikilia damu iliyoganda) vinavyoachwa bonge la damu linapovunjika. Ilikuwa chini ya 500, daktari akaridhika.

Ya pili naipa nyota tano, ingawa foleni yake ni ndefu na bei iko juu kidogo. Ya kwanza nyota mbili. Sampuli pungufu ilitakiwa kukataliwa palepale, nichomwe tena, hata kama ningelalamika.