MGB ya zamani: ovadraivu au giaboksi ya gia tano?

MGB, gari la michezo la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, lina giaboksi ya gia nne. Ukishika kilomita 100 kwa saa katika gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 3,500 kwa dakika, na kelele inachosha.

Dawa ya kwanza ni ovadraivu ya Laycock, kifaa kinachofungwa nyuma ya giaboksi ili kupunguza mizunguko ya injini, ambacho kiwandani kiliuzwa kama nyongeza. Unabonyeza swichi, shinikizo la oili linafanya kazi, na mizunguko inashuka hadi kama 2,800 bila kukanyaga klachi. Nani asingependa hivyo? Gari linabaki la asili, na hilo kwangu lina uzito mkubwa. Ila waya na solenoidi (sumaku ya umeme inayoiwasha) zikichoka, ovadraivu hugoma. Tena, kwenye magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967, gia namba moja haina sinkronaiza, yaani kilinganishi cha mwendo kinachofanya gia iingie laini gari likitembea, kwa hiyo foleni itaendelea kukutesa.

Ya pili ni giaboksi ya Type 9 kutoka Ford Sierra, inayouzwa na vifaa vya kuifungia. Gia zote tano za mbele zina sinkronaiza, ingawa namba moja ni fupi na inabidi uingize namba mbili haraka. Utulivu wa barabara kuu ni ule ule.

Kazi zote mbili zinadai injini itolewe, basi badilisha klachi hapo hapo. Mwenye gari la kabla ya mwishoni mwa 1967 anayekaa mjini achukue Type 9. Wengine nawashauri ovadraivu.