Tanga joto, thamostati ya nini? Uzoefu wangu na Vitz RS ya gia za mkono

Naanza na hasira, sifa za gari zitakuja zenyewe. Ukinunua Vitz RS mkononi mwa mtu hapa Tanga, au ukiipeleka gereji kwa jambo lolote linalogusa maji ya injini, uliza kabla hujatoa hata mia: thamostati, ile valvu ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, ipo? Na jibu la mdomo usilipokee. Mimi nilijibiwa "kila kitu kipo, bosi", na kwa majuma kadhaa petroli yangu ikawa kama msemo wa mji wetu wenyewe: waja leo, waondoka leo.

Nguvu za farasi, urefu na upana siandiki, hayo yapo kila mahali. Swali ni moja tu: gari lipi la petroli linamfanya mtu atafute sababu ya kutoka nalo, na bado halimzoeshi na kila sheli kuanzia Kange hadi Segera? Runx yenye injini ya 2ZZ ni tamu kweli ikishavuka mizunguko elfu sita kwa dakika, lakini utaifikisha wapi huko bila kumkuta trafiki na tochi yake? Chini ya hapo ni Runx ya kawaida yenye kiu isiyo ya kawaida. Swift Sport inakata kona vizuri kuliko Vitz, hilo nakiri bila kinyongo. Ila imeundwa kwa petroli ya oktani ya juu, na ikiharibika kitu utaisubiri spea kutoka Dar. Subaru naziheshimu nikiwa mbali.

Vitz RS haiwi ya kwanza kwa jambo lolote. Inashinda kwa sababu chini ya boneti kuna 1NZ-FE, injini ileile ya Probox, ya Raum na ya IST ya 1500. Maana yake plagi, koili, filta, mkanda na pampu ya maji unavipata Ngamiani leo leo, tena unachagua kati ya orijino, ya Taiwan na ya "hii nayo nzuri tu". Halafu injini hiyo ya kubebea magunia wameifungia gia tano fupi, shokapu ngumu kidogo na usukani usio mvivu, kwenye gari la tani moja na kidogo.

Raha yake yote iko kwenye ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kona juu ya kona. Gia ya pili kwenye kona za kubana, ya tatu zikifunguka, ya nne karibu huigusi. Ukikuta lori mbele, shusha hadi ya pili mapema kabla hujaona nafasi, maana ukishusha baada ya kuiona nafasi itakuwa imepita. Kwa mizunguko 3,500 hadi 5,000 inavuta bila kulia. Kwenye tambarare ndipo gia fupi zinapodai chao: kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano injini iko mizunguko elfu tatu na kidogo, na kelele zipo. Kwa 80 iko karibu 2,500, na hapo ndipo penye uchumi. Mwenye kutaka kulala njiani anunue Premio.

Ulaji wa mafuta napima hivi: najaza sheli ileile, pampu ileile, bomba likikata mara ya kwanza naacha, silibembelezi. Natembea kilomita zisizopungua 200, najaza vilevile, nagawa kilomita kwa lita. Ile namba inayosomwa kwenye dashibodi ni ya kujifariji. Gari likiwa zima, Tanga hadi Korogwe na kurudi kwa mwendo wa 80 hadi 90, pamoja na matuta ya kila kijiji, nilipata 17 kwa lita. Mjini, AC ikiwaka muda wote kwa joto letu hili, 12 na nusu. Mombo kwenda Lushoto na kurudi, 14, kwa sababu unachokula ukipanda unarudishiwa kiasi ukishuka kwa gia: mguu ukiwa nje ya mafuta na gari likiwa kwenye gia, injini hukata petroli kabisa. Wanaoshuka na gia huru wakidhani wanaokoa mafuta wanayachoma kwenye sailensa, na breki wanazichoma pia.

Sasa turudi kwenye ile gereji, ambayo siitaji.

Gari lilikuwa linapandisha joto likisimama muda mrefu na AC. Tatizo la kawaida kwa mji wa pwani: mapezi ya rejeta yamejaa mchanga, wadudu na chumvi, na mpira wa kifuniko cha rejeta umekauka. Likapelekwa, likarudi, halichemshi. Sifa zote kwa fundi. Mafuta yakaanza kushuka kama yana tundu. Kutoka 17 hadi 14 njia kuu, kutoka 12 na nusu hadi 10 mjini.

Ulaji ukipanda hivyo watu hukimbilia kubadilisha vitu. Nikakagua ya bei nafuu kwanza. Upepo wa matairi, 33, sawa. Breki zinazoshika: endesha kilomita tano bila kukanyaga sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu, yenye moto kuliko wenzake ndiyo inayoshika. Hakuna. Filta ya hewa safi. Sensa ya hewa, ile ya waya mwembamba kwenye bomba la filta, ikapuliziwa dawa yake maalumu (si petroli, na si kwa mswaki, tafadhali). Hakuna badiliko. Plagi zikatolewa: zote nne zina masizi meusi makavu. Ingekuwa moja ningeshuku koili au nozeli. Zikiwa zote nne, injini nzima inapewa petroli kupita kiasi. Nikarudi palepale gereji, nikaambiwa ninunue sensa ya oksijeni, "hizo ndizo zinazokula mafuta". Bei yake isikie kwa jirani.

Jawabu lilitoka kwenye kifaa kidogo cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Vile vya bei rahisi wakati mwingine hukataa kuongea na magari ya soko la Japan, kwa hiyo kijaribu kabla ya kununua. Joto la maji, gari likiwa limeshatembea nusu saa barabara ya Muheza: nyuzi 63. Injini hii ikiwa nzima hukaa kwenye themanini na kitu hadi tisini na kitu. Na wenye Vitz zisizo na mshale wa joto watazame ile taa ya buluu ya dashibodi, inayowaka injini ikiwa baridi. Ikishazimika asubuhi haitakiwi kuonekana tena. Yangu ilikuwa inarudi kuwaka usiku tukishuka kutoka Soni, na mimi nikaiona kama pambo.

Sababu yake haihitaji chuo. Kompyuta ya injini inasoma sensa ya joto la maji. Ikiona 63 inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli ili injini ipate moto. Moto wenyewe haufiki, kwa hiyo inaendelea kuongeza. Ni bodaboda iliyoachwa choki wazi kutwa nzima. Oili nayo haifiki joto lake, inabaki nzito, na petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda kuichafua.

Nikamuuliza fundi, kwa adabu, maana ni mtu mzima: "Mzee wangu, thamostati umeiweka wapi?"

Akacheka. "Kijana, hii Tanga. Joto lote hili thamostati ya nini? Ile ni ya Wajapani, wana barafu."

Nikamwonyesha namba kwenye simu. Hakuitazama. "Lilikuwa linachemsha, si ndiyo? Sasa linachemsha?"

Halichemshi. Hapo alinishika, na ndiyo maana nina hasira hadi leo. Hoja yake ukiisikia kijiweni inakubalika.

Lakini si kweli hata hiyo. Thamostati ya injini hii ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta maji yakipata moto, na kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Kwenye tambarare, upepo ukiwa mwingi, injini inapoa kupita kiasi. Kwenye mlima, mzigo mkubwa na mwendo mdogo, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani. Kupanda Soni kifaa kilisoma 104. Kwa hiyo dawa ya fundi ilinipa magonjwa mawili, baridi ukishuka na homa ukipanda, na ugonjwa wa mwanzo, rejeta chafu, haukuguswa.

Kama unataka kujua bila kifaa chochote: asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe na ushike hozi ya juu ya rejeta. Thamostati ikiwepo, hozi inabaki baridi dakika kadhaa halafu inapata moto ghafla. Ikiwa inapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, hakuna kitu mle ndani, au kipo na kimekwama wazi.

Kurudisha kuna usumbufu wake, na nadhani hapo ndipo penye siri ya ile falsafa ya barafu. Nyumba ya thamostati iko nyuma ya alternata. Inabidi ulegeze mkanda, utoe alternata, ndipo uzifikie nati mbili za spana namba 10. Injini iwe ya baridi kabisa, maji yameshamwagwa kwa koki ya chini ya rejeta. Yangu yalitoka rangi ya chai ya rangi, maji ya bomba matupu. Nunua thamostati ya nyuzi 82 pamoja na mpira wake, na kabla ya kuifunga ijaribu: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe wazi vizuri. Isiyofunguka rudisha dukani ingali na maji. Wakati wa kufunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu, ndicho kinachopitisha hewa. Kikielekea chini hewa inabaki ndani na utarudi kulekule kwenye kuchemsha, kisha fundi atasema "si nilikuambia?"

Jaza kulanti ya rangi ya waridi iliyokwishachanganywa, lita tano hivi, polepole. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, weka hita joto la mwisho (najua, Tanga, vumilia), minyaminya hozi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Funga kifuniko kipya. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, fungua uangalie tena, mara nyingi linadai nusu glasi. Rejeta ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi.

Baada ya hapo joto likakaa 86 hadi 92, AC au bila AC. Tenki la pili likarudi 16 na nusu. Thamostati na kifuniko pamoja havikufika bei ya nusu tenki.

Basi gari zuri? Nilikuwa nimeamua kuandika "usinunue". Halafu nikapanda Lushoto nalo tena. Nunua. Ila nunua ukijua matairi ya 195/50R16 si ya barabara zetu. Tuta moja usiloliona na rimu inapinda. Rimu za inchi 15 na matairi ya 185/60 zina kimo karibu sawa kabisa, spidomita haidanganyi, na mgongo unashukuru. Kona zinapoteza ukali kidogo. Kidogo tu. Sawa, zaidi ya kidogo, lakini ndiyo bei yake.

Nyota nne, nilisema moyoni. Kisha nikakumbuka nilichokikuta siku ya kutoa alternata: bolti ya chini si yake. Ni fupi, ya chuma laini, imeshika nyuzi tatu tu, na kila asubuhi mkanda ulikuwa unalia nami nikidhani ni unyevu wa bahari. Bolti yangu ya Toyota iko kwenye gari la mtu mwingine hapa hapa mjini, na naye bila shaka ameambiwa kila kitu kipo.