Kinga ya umeme kwa gari la umeme: ninunue kipi kwanza?

Ukileta Nissan Leaf ya umeme iliyotumika kutoka Japani, watu huuliza kwanza betri imebaki na baa ngapi, yaani vile vipande vya kwenye dashibodi vinavyoonyesha afya yake. Swali la pili ni la umeme wetu huu wa kupanda na kushuka. Vifaa vilivyomo humu nimevipanga kama ambavyo ningetumia pesa zangu mwenyewe. Mwenye pikipiki ya kubadilishiwa betri hahusiki, mzigo huo ni wa mwenye kituo.

Niondoe hofu moja kwanza. Kwenye chaja ya haraka ya kituoni, ya kilowati 50 na kuendelea, umeme wa nguzo hauingii garini moja kwa moja. Mtambo hugeuza AC (umeme wa nguzo) kuwa DC (umeme wa betri), ndani yake mna transfoma inayotenga gari na laini, na kabla mkondo haujaanza kupita hupima kama nyaya zinavuja. Mpigo wa ghafla, yaani volti kuruka juu kwa kufumba na kufumbua, ukija, unakutana na mtambo kwanza. Kwa hiyo anayekuuzia kiunganishi cha "kuzuia mpigo" cha kukaa kati ya kichwa cha chaja na gari anakuuzia sehemu moja zaidi ya kushika moto. Usinunue. Chaja ikikataa kwa kosa la insulesheni, usiilazimishe mara ya tatu na ya nne, na radi zikianza kusogea, simamisha mapema uondoke.

Nyumbani mambo ni mengine, kwa sababu huko AC inaingia hadi kwenye chaja iliyomo ndani ya gari.

Nafasi ya kwanza: ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Si kifaa cha kupendeza, na ndiyo maana watu hukiruka. Mwite fundi mwenye mita ya kupimia ethi, si yule wa kutikisa kichwa na kusema iko sawa. Ningetaka chini ya ohmu 10. Nyumba nyingi za kupanga zina fimbo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu, na waya wake umelegea mpaka unazungushwa kwa vidole. Bila ethi nzuri, kinga ya radi haina pa kuutupa umeme.

Nafasi ya pili: rilei ya volti, ile ya kupachikwa kwenye sanduku la breka, yenye tarakimu zinazowaka, inayokata umeme volti zikipanda au kushuka kupita kiasi. Hapa ndipo ningeweka pesa hata kabla ya kinga ya radi. Aprili moja, mvua ikinyesha, nyutro, waya wa kurudishia umeme, ilikatika kwenye nguzo ya mtaani kwetu. Taa za sebuleni ziling'aa kama za uwanja wa mpira, mbili zikapasuka. Nilikimbilia sanduku la breka nikakuta rilei ya laini ya gari inasoma volti 318 na imeshakata. Friji la jirani halikuamka tena. Nyutro ikikatika kwenye laini tatu, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku nyingine ikibaki gizani, na hali hiyo inaweza kudumu dakika nzima au saa. Kinga ya radi haikutengenezewa hilo, itaungua yenyewe.

Rilei yangu nimeiweka ikate volti zikipita 260 au zikishuka chini ya 190, na sekunde 180 za kusubiri umeme ukirudi, maana ule wa kurudi huja ukiyumba. Chaja ya ampea 32 inunulie rilei ya ampea 63, usiibane na ya 40. Kaza skrubu, kisha zikaze tena baada ya mwezi. Usiku wa manane mtaa ukizima majiko, volti hupanda, na hapo ndipo wengi tunachaji kwa sababu ya bei nafuu ya usiku.

Nafasi ya tatu: kinga ya mpigo ya Aina ya 2, mafundi huiita SPD. Hii ndiyo ya radi, na ukikaa Kisii, Kakamega au popote kuzunguka Ziwa Victoria, ipandishe iwe sawa na ya pili. Tazama ubavuni: Uc, yaani volti inazoweza kuvumilia muda wote, iwe 320, si 275, maana umeme wetu hukaa juu. Up, yaani volti inazoziachia zipite mpigo ukija, isizidi kilovolti 1.5. Nyaya zake zote zikijumlishwa zisipite sentimita 50. Fundi akizikunja kama kamba ya kuanikia nguo, mpigo utaipita kinga ukafika garini. Ina kidirisha: kijani nzima, nyekundu imekufa. Hii pamoja na rilei hazifiki bei ya kujaza tangi la Probox.

Nafasi ya nne: kinga ya ukutani ya ampea 30, inayokata umeme volti zikiharibika, aina zinazouzwa kwa ajili ya kiyoyozi, mfano AVS30 ya Sollatek. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa sanduku la breka aanze na hii. Ile ya friji usiijaribu, haikutengenezewa mzigo wa saa nane.

Stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, naiweka ya tano. Chaja ya kilowati 7 inataka ya kVA 10, zito, la bei, na linachelewa mbele ya mpigo wa radi. Linafaa tu pale ambapo volti ziko chini kila jioni.

Ya mwisho kabisa ni ekstensheni iliyoandikwa inazuia mpigo. Niliwahi kuchomoa moja baada ya saa mbili, plastiki imelainika na pini ya shaba imekuwa nyeusi. Na waya uliokuja na gari kutoka Japani ni wa volti 100 au 200 za kwao, tafuta wa 220 hadi 240, uuweke kwenye ampea 8 au 10 mpaka fundi akuvutie laini ya gari peke yake.