Hafubodi, fulubodi au kila kitu ndani? Uzoefu wangu na hoteli za Nyali na Bamburi

Mipango hii ya milo ya kulipia kabla nimeitumia na familia, nimewapangia pia wageni wa kutoka bara, na jawabu langu halibadiliki: anayekuja Mombasa kutembea achukue hafubodi, yaani staftahi na chajio. Fulubodi, yaani milo yote mitatu, ndiyo inayopoteza pesa. Ule wa kila kitu ndani, yaani milo pamoja na vinywaji na vitafunio, una watu wake, nitawataja.

Mlo wa kuangalia ni chamcha. Hoteli nyingi za pwani ya kaskazini hufungua bufee ya mchana saa sita na nusu, zikafunga saa nane na nusu. Pima saa hizo na matembezi yako. Haller Park, ambako twiga kwa kawaida hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, unaweza kwenda zamu ya asubuhi ukarudi hoteli ya Bamburi ukakuta bufee bado iko. Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale ni habari nyingine, maana kurudi lazima uvuke daraja la Nyali, na foleni ya hapo haina adabu. Na watoto wakishaingia majini Wild Waters, bustani ya michezo ya maji, nani atawatoa saa saba eti wali umeiva hotelini? Chamcha ulichokilipia kinapita. Hoteli hairudishi pesa, wala haikihamishii usiku.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Chukulia kutoka hafubodi kwenda fulubodi ni shilingi 2,500 zaidi kwa mtu mzima kwa siku, mtoto nusu yake. Wazazi wawili na watoto wawili wanaongeza 7,500 kwa siku, na kwa siku nne ni 30,000. Sasa uliza mapokezi bufee ya mchana ni pesa ngapi kwa anayelipa papo hapo. Ikiwa ni 3,000 kwa mkubwa na 1,500 kwa mtoto, mlo mmoja wa familia ni 9,000. Ukila chamcha mara tatu hotelini ni 27,000, bado uko chini ya fulubodi. Yaani mpaka mle siku zote nne bila kukosa ndipo fulubodi iwafae. Bei zitatofautiana, lakini swali la kuuliza ni hilohilo: bei ya mlo mmoja ni ngapi?

Na huko nje chakula kipo. Sahani nne za pilau au biriani mjini, pamoja na juisi, hazifiki nusu ya bufee hiyo. Jioni pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni mjini, kuna viazi karai na mhogo wa kukaanga, unapasuliwa ungali moto, unakamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili ya unga, na dafu la kushushia. Mtu aliyekuja Mombasa akaondoka bila kula hivyo kwa sababu alishalipia bufee, mimi humsikitikia.

Hoteli zitakwambia fulubodi ina chamcha cha kufungashiwa. Ni kweli, ila lazima uagize jioni ya kuamkia safari. Mara nyingi ni sandwichi, yai la kuchemsha, tunda na juisi ya pakiti. Omba isiwekwe mayonesi wala kuku. Joto likipita nyuzi 32, jambo la kawaida hapa Februari na Machi, chakula cha namna hiyo hakifai kukaa nje zaidi ya saa moja. Tena sehemu nyingi za burudani haziruhusu chakula cha nje, kwa hivyo uliza kabla hujabeba.

Wanaokuja na treni wahesabu vizuri zaidi. Treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi hufika stesheni ya Miritini, Mombasa, usiku umeshaingia. Hadi upate gari na kuvuka mji, chajio cha siku ya kwanza kiko ukingoni, maana bufee nyingi hufungwa kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Piga simu mapema uombe uwekewe sahani. Na ukirudi na ya saa mbili asubuhi, staftahi ya siku ya mwisho huipati, kwani jikoni hufungua saa moja na wewe saa hiyo unatakiwa uwe stesheni unakaguliwa mizigo. Omba ufungashiwe.

Kila kitu ndani kinafaa familia yenye watoto wadogo wanaoshinda kwenye bwawa, wakitaka soda na chipsi kila saa, na kinafaa wanywaji. Asiyekunywa pombe humlipia anayekunywa, na hilo ni zito kwa familia nyingi za hapa kwetu. Hata hivyo soma masharti: pombe kali za nje, juisi ya kukamua na aiskrimu mara nyingi hulipiwa kando, na vinywaji hukatwa saa tano usiku. Kwenye hafubodi nako, maji na soda za chajio si sehemu ya mpango. Unatia sahihi karatasi mezani, deni linakungoja siku ya kuondoka.

Ramadhani mwambie meneja wa mkahawa mapema kwamba staftahi yako iwe daku, kabla ya alfajiri. Nyingi hukubali, ila si kwa kushtukizwa usiku huohuo.

Kwenye vocha, karatasi ya kuthibitisha ulichokilipia, angalia herufi HB (hafubodi) au FB (fulubodi), umri wa kila mtoto, na kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Uliza pia kuhusu chajio maalumu cha tarehe 24 na 31 Desemba, ambacho hoteli kadhaa hulazimisha kwa malipo ya ziada hata kwa mwenye fulubodi. Bei ya wakaazi inataka kitambulisho mapokezini. Ukiona watoto wamechoka na matembezi, nenda mapokezi asubuhi uongeze chamcha cha siku hiyo tu. Kuongeza wanakubali, kupunguza ni nadra.